Unanijua Mimi ni Nani?

Hotuba kwenye mahafali ya wahitimu wa huduma za hoteli na usafiri, jijini Mbeya

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliopanda magari alfajiri kutoka Kyela, Tukuyu, Chunya na Tunduma, wahitimu wetu, itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Wahitimu, hongereni sana. Ndaga fijo kwa kunialika.

Hayo maneno "itifaki imezingatiwa" yameokoa muda mwingi katika nchi hii. Zamani msemaji alitaja kila aliyeketi meza kuu, cheo kwa cheo, na akimruka mmoja ilikuwa kesi. Siku hizi tunayasema mara moja, kila mtu anajipa cheo chake moyoni, shughuli inaendelea. Mimi leo nimekuja kuwazungumzia watu wasiokuwemo kwenye itifaki yoyote, wale wanaoingia mlangoni na hakuna anayewajua.

Ninyi mnakwenda kuishi na watu hao. Wapo watakaokaa mapokezi hotelini, watakaotandika vitanda kwenye loji, watakaokata tiketi stendi ya Nane Nane, watakaobeba sinia. Na kabla hamjaumaliza mshahara wa kwanza mtaisikia sentensi moja: "Unanijua mimi ni nani?" Mimi nilifundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na sasa nina gesti ya vyumba vichache karibu na barabara kuu. Sentensi hiyo nimeisikia ofisini kwa walimu, kutoka kwa mzazi mwenye cheo ambaye mwanawe kashikwa akiruka ukuta wa bweni. Nimeisikia pia saa saba ya usiku getini kwangu, kutoka kwa mtu aliyekuta vyumba vimejaa.

Tumezoea kumlaumu mtu huyo kwa majivuno. Majivuno anayo, sikatai. Lakini hebu msikilizeni vizuri. Kwa nini mtu mzima, kavaa suti, aone haja ya kujitangaza mbele ya binti aliyeshika kalamu na kitabu cha wageni? Kwa sababu ameishi nchi hii muda wa kutosha kujua asiyejulikana anavyohudumiwa. Anajua kwamba asipotaja jina atapelekwa kwenye lile benchi la wengine, na benchi lile analifahamu; labda aliwahi kulikalia kabla hajapata cheo. Anapopaza sauti, anatusema sisi kuliko anavyojisema yeye.

Mahali ambapo asiyejulikana anahudumiwa sawasawa, swali hilo halina kazi. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na ningeweza kukaa sasa hivi. Ila mmemwalika mwalimu wa historia, itabidi mvumilie.

Mwaka 1960, Tanganyika ikiwa bado mikononi mwa Waingereza, alifika hapa Mbeya mwanaume wa miaka thelathini kutoka Afrika ya Kusini Magharibi, nchi ambayo leo ni Namibia. Huko kwao aliwahi kufanya kazi ya usafi kwenye reli, kazi ambayo baadaye aliipoteza. Aliondoka mwishoni mwa Februari, akakatiza Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana, akapita Rhodesia zote mbili, leo Zimbabwe na Zambia, akazunguka mpaka Katanga kule Kongo, na alipofika hapa malaria ikamwangusha. Akalazwa. Akiwa bado kitandani, serikali ya kikoloni ikatishia kumkamata, akatoroka hospitalini na homa yake. Watu wa TANU wakampokea, wakampitisha Njombe, Iringa, hadi Dodoma, akapanda treni ya Dar es Salaam. Huko Mwalimu Nyerere akamsaidia kupata hati ya kusafiria. Aprili mwaka huo huo chama cha SWAPO kilipoanzishwa, kilimchagua kuwa rais wake akiwa hayupo, yuko njiani bado. Tarehe 21 Machi 1990 Sam Nujoma aliapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Namibia huru. Amefariki Februari 2025, ana miaka 95.

Sasa mrudisheni pale wodini. Mgonjwa mgeni, Kiswahili hajui, anatetemeka kwa homa, na anaogopa kila anayeingia na viatu vizito. Yeyote aliyempa dawa, aliyembadilishia shuka, aliyemmiminia uji, angewezaje kujua? Na yeye angewezaje kumwambia?

Miaka miwili baadaye, Januari 1962, ndege ndogo ilitua Mbeya ikitokea Bechuanaland. Ndani yake walikuwemo watu wawili kutoka Afrika Kusini. Mmoja alikuwa Joe Matthews. Mwenzake alikuwa wakili anayesakwa na polisi wa makaburu, ametoka kwao bila pasipoti, na huko mafichoni alikuwa akijiita David Motsamayi. Tanganyika ilikuwa na uhuru wa mwezi mmoja tu. Wakaenda hotelini. Mandela, maana ndiye huyo, ameeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kwamba pale barazani aliwakuta wazungu na weusi wameketi pamoja wakizungumza, jambo ambalo hakuwahi kuliona kwenye hoteli yoyote.

Walikuwa wakimsubiri Mwakangale wa TANU. Hawakujua kwamba Mwakangale ameshafika kuwaulizia. Aliyeulizwa alikuwa mama mmoja mzungu wa mapokezi, naye hakuwaambia kitu. Hapo nataka mtege masikio, maana hilo ndilo dawati lenu. Mgeni mwingine wa hoteli, Mwafrika, akamsogelea yule mama akamuuliza: Je, Bwana Mwakangale hakuwaulizia hawa mabwana wawili? Mama akakiri kwamba aliwaulizia, ila yeye alisahau kuwaambia. Yule Mwafrika akamtaka, kwa adabu lakini kwa mkazo, awe mwangalifu. Hawa ni wageni, wahudumiwe inavyostahili. Mandela anasema ni hapo alipotambua kwa kweli kwamba yuko katika nchi inayotawaliwa na Waafrika, na kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa mtu huru.

Mimi hapo huwa nafunga kitabu kidogo. Mtu huyu alikuwa ameshashtakiwa kwa uhaini na kuachiwa. Alikuwa anaelekea Addis Ababa kuzungumza na viongozi wa Afrika. Na kilichompa hisia ya kuwa huru hakikuwa gwaride wala mizinga. Yalikuwa maneno machache kwenye kaunta ya hoteli, hapa Mbeya yetu, kuhusu ujumbe uliosahaulika. Aliyeyatamka hatajwi jina. Huenda alikuwa karani, huenda mfanyabiashara wa mchele, huenda mwalimu mwenzangu. Naye pia alikuwa mpangaji wa usiku mmoja, asiye na kazi pale. Angeweza kunywa chai yake akanyamaza, kama tunavyonyamaza wengi tunapoona mtu mwingine amekalishwa kwenye benchi bila sababu.

Na angalieni jambo jingine. Mandela asingeweza hata kidogo kupiga meza na kusema, unanijua mimi ni nani? Usalama wake wote ulikuwa kwenye kutojulikana. Katika baraza lile lote, mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kujitangaza ndiye aliyelazimika kukaa kimya. Nujoma naye vivyo hivyo. Nimekaa nikilitafakari hili kwa miaka, na naliona kila wiki kwenye gesti. Anayesema yeye ni nani, mara nyingi hana shida kubwa. Mwenye shida hasa hawezi kusema. Mwanamke aliyekimbia kipigo usiku, anaandika jina la shangazi yake kitabuni. Kijana aliyetoka kupokea majibu ya hospitali ya rufaa anataka chumba tu alale, hataki maongezi. Mzee aliyekuja kesi ya shamba amevaa koti la mwanawe na anaona aibu kuuliza bei. Hao hawatawapigia meza. Wataangalia chini, watasema "basi, asante," watatoka. Ukiwakosea hutajua kamwe kwamba umewakosea, na hakuna bosi atakayekuita kukuonya.

Mandela akaenda Dar es Salaam. Ameandika kwamba Mwalimu alikuwa na nyumba ya kawaida na aliendesha mwenyewe kigari kidogo cha Austin, na hilo lilimgusa. Hawakukubaliana kila kitu. Mwalimu alimshauri waahirishe mapambano ya silaha mpaka Sobukwe, kiongozi mwingine wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, atoke gerezani, na Mandela hakufurahi. Hata hivyo akapewa karatasi yenye kumtaja kwa jina na kusema ana ruhusa ya kuondoka Tanganyika na kurudi. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kumkarimu mtu ni kukubaliana naye. Kuna wageni wengi nimewapikia ambao mawazo yao ya kisiasa, kama yangekuwa mboga, ningeyarudisha sokoni.

Nyumbani kwa waziri Nsilo Swai, alikofikia, aliacha jozi ya buti zake. Mizigo ilikuwa mizito, na alitarajia kuzipitia. Agosti 1962 akakamatwa kwao, akakaa gerezani miaka 27. Mke wa waziri akazitunza buti zile, akahama nazo nchi kwa nchi, na akamkabidhi mwenyewe baada ya zaidi ya miaka thelathini. Wahitimu wa usafi wa vyumba, hiyo ndiyo idara yenu ya vitu vilivyosahauliwa. Tafadhali msiuze chaja za watu.

Mgeni wa tatu hakupitia hapa Mbeya, lakini alikuwa anakuja huku kwetu. Mwaka 1963 kijana mmoja muuguzi alitoroka Lourenço Marques, mji unaoitwa sasa Maputo, akafika Bechuanaland. Hakuwa na jina. Alitaka kufika Dar es Salaam kujiunga na FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji. Palikuwa na ndege ya vijana wa ANC, chama cha kina Mandela, wanaopelekwa Tanganyika, na imejaa. Mzee wa ANC aliyeitwa J. B. Marks akaongea na kijana huyo, akapendezwa naye, akamshusha mmoja wa vijana wake ili mgeni apate kiti. Muuguzi huyo alikuwa Samora Machel. Juni 1975 akawa Rais wa Msumbiji huru, na Maputo ikawa nyumba ya ANC, jirani kabisa na adui yao. Msumbiji ililipa kwa damu kwa ajili ya wageni hao.

Lakini msiondoke na nusu ya hadithi. Machi 1984, baada ya vita kuichosha nchi yake, Machel huyo huyo alitia saini mkataba wa Nkomati na serikali ya makaburu, na wengi wa ANC wakalazimika kuondoka Msumbiji. Kiti cha kwenye ndege hakikuwa hati ya deni. Na kuna yule kijana aliyeshushwa. Sijawahi kukutana na mahali jina lake limetajwa. Kila nilipoisimulia habari hii darasani, wanafunzi waliuliza Machel alifanya nini baadaye. Mara chache sana mmoja aliuliza, na yule aliyeshuka? Mwanafunzi wa namna hiyo nilimpa alama moyoni.

Maana hatari ya hadithi hizi ni kwamba zinavutia kwa sababu ya mwisho wake. Tunajua Nujoma akawa rais, Mandela akawa rais, Machel akawa rais, basi tunasema: mtendee mgeni mema, huwezi kujua, anaweza kuwa rais. Mtu anayefikiri hivyo anacheza bahati nasibu. Anatoa kikombe cha chai kama anavyokwangua kadi. Akikwangua mara hamsini hapati kitu, ataacha, na mgeni wa hamsini na moja atakuta mlango umefungwa.

Waliopokelewa na nchi hii miaka ile walikuwa maelfu. Kongwa kulikuwa na kambi za FRELIMO, ANC, SWAPO na MPLA ya Angola. Nachingwea walifunzwa wapiganaji wa Msumbiji. Mazimbu, Morogoro, kwenye shamba la zamani la mkonge, ANC walijenga shule wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na pale pale pana makaburi ya wageni waliofia huku bila kuiona nchi yao ikiwa huru. Hao hawakuwa marais. Wengi wao majirani hawakuwajua hata kwa majina yao halisi, maana walitumia majina ya mapambano. Mama wa Kongwa aliyewauzia mahindi na kuku alikuwa anauza kwa watu wenye majina ya kubuni, wanaozungumza lugha asiyoielewa, na ambao wengi wao historia haikuwataja popote. Kama angekuwa anasubiri kujua nani atakuwa nani, angewauzia wachache tu, na angekosea kuwachagua.

Waislamu na Wakristo mliopo hapa, wote mna habari ya Nabii Ibrahimu na wageni wake. Mahubiri mengi hukimbilia mwisho, kwamba kumbe walikuwa malaika. Mimi napenda mpangilio wa mambo pale mwanzo. Katika Kurani, sura ya 51, wageni wanasalimu, Ibrahimu anaitikia salamu, na inaelezwa waziwazi kwamba ni watu asiowajua. Kisha anakwenda kwa watu wake kimya kimya na kurudi na ndama aliyenona. Katika Mwanzo 18 ni vivyo hivyo: maji ya kunawa miguu, kivuli cha mti, mkate, ndama, maziwa. Salamu, kisha chakula. Habari za wametumwa na nani na wanakwenda wapi zinafuata baadaye. Sisi kwenye kaunta tumeugeuza mpangilio huo. Kwanza kitambulisho, kisha kabila, maana vitabu vyetu vya wageni bado vina safu ya kabila, Mungu anajua ya kazi gani, kisha unatoka wapi unakwenda wapi, kisha pesa taslimu, na mwisho kabisa, kama mhudumu ameamka vizuri, karibu.

Sisemi msiandike kitabu. Kiandikeni, tena vizuri. Huyo asiyejulikana anaweza kuwa mtu mbaya, na historia yetu inalijua hilo pia. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam na bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kama kifurushi. Mji uliowakaribisha wapigania uhuru uliingiliwa na maadui zao pia, na waliingia kwa mlango ule ule. Mwalimu mwenyewe, Aprili 1962, alipoandika juu ya Ujamaa aliikumbusha nchi methali yetu ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukarimu wa wazee wetu ulikuwa na macho. Nyumba kumi zilikuwa na balozi, na mgeni alipelekwa kwake kusalimia.

Kwa hiyo mwanaume akija na mtoto wa kike saa nne usiku, na mtoto haongei, usione haya kuuliza. Mwulize mtoto jina lake, mwulize shule anayosoma, kisha mwite meneja, na ikibidi piga simu dawati la jinsia na watoto polisi. Mtoto naye ni mgeni wako, na hana njia ya kukwambia yeye ni nani. Anayekwambia "hayakuhusu" muandikie jina lake kwa herufi kubwa.

Sasa niseme la uchungu kidogo, kwa sababu tuko Mbeya, na Mbeya ni njia. Miaka ile watu walikuja kutoka kusini kwenda kaskazini. Siku hizi wanashuka. Vijana wa Ethiopia wanapita nchi yetu kuelekea mipakani, kisha Malawi au Zambia, wakitafuta Afrika Kusini, na wengi wao wamefungiwa ndani ya malori. Mwezi Juni 2012 zaidi ya arobaini walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, miili yao ikatupwa porini mkoani Dodoma, wilaya ya Kongwa. Ndiyo, Kongwa ile ile. Na ile safari ya Mandela ya 1962 ilimfikisha Ethiopia, ambako alipewa mafunzo ya kijeshi bila kulipa senti. Sijui kama dereva wa lori lile aliwahi kusikia habari hiyo. Nadhani isingembadilisha.

Sheria inajulikana: kumsafirisha au kumficha mtu aliyeingia nchini kinyume cha sheria ni kosa, na mimi sitasimama mbele ya mkuu wa chuo niwafundishe kuvunja sheria. Mkiwakuta, toeni taarifa. Ninachowaomba ni kile kipande cha muda kati ya kuwakuta na polisi kufika. Kinaweza kuwa dakika kumi, kinaweza kuwa saa tatu. Watu hao wametoka kwenye chombo kisicho na hewa. Maji kwanza. Pawepo kivuli. Msiwapige picha za simu za kurusha kwenye magrupu na maneno ya kejeli. Hakuna kifungu chochote cha sheria kinachokataza maji.

Huko wanakokwenda nako mambo si mepesi. Mei 2008 watu zaidi ya sitini waliuawa Afrika Kusini katika ghasia dhidi ya wageni, wakiwemo watu wa Msumbiji na Zimbabwe, nchi zilizoumia kwa ajili ya uhuru wa Afrika Kusini. Tukisikia habari hizo hapa kwetu huwa tunakasirika sana na kusema, wamesahau. Hasira hiyo naielewa. Ila ikitoka kwa mtu ambaye jana tu kamfokea Mkongo sokoni Mwanjelwa kwa sababu ya lafudhi yake, huwa siipi uzito mkubwa.

Nimebakiwa na dakika chache, nitumie kwa mambo ya kazi.

Viatu. Mtafundishwa na wazoefu kumpima mteja kwa viatu. Ni kipimo cha ovyo. Huku kwetu mwenye malori matano anashuka shambani na ndala zenye tope, na tapeli huwa amepiga rangi viatu tangu jana. Wekeni macho usoni.

Majina. Mgeni akitaja jina lake, liandike kama alivyolitamka, usimbadilishie. Mwombe alirudie. Kuna mtu anatoka Malawi au Kivu na siku nzima hakuna aliyejaribu kulitamka jina lake vizuri. Ukilipatia ataikumbuka hoteli yako kuliko atakavyoukumbuka wali wako.

Lugha. Kiingereza chenu ni kizuri, nimewasikia kwenye igizo. Lakini mhudumu anayekuwa mpole kwa Kiingereza na mkali kwa Kiswahili ameonyesha anamheshimu nani. Mama wa Kisafwa aliyekuja mjini kumwona mwanawe hospitali aambiwe karibu kwa sauti ile ile mliyomwambia mtalii wa ziwa Ngosi.

Benchi. Kama mahali pako pa kazi pana benchi la kungojea, likalie wewe mwenyewe robo saa kabla hujaanza zamu. Utagundua kama jua linapiga, kama choo kinaonekana kiko wapi, kama kuna mtu anayekutazama au wanakuruka. Waajiri mlioko hapa nanyi kalieni.

Ujumbe. Ukiachiwa salamu za mgeni, andika. Kalamu na karatasi, saa, nani kaja, kasema nini. Sioni kwamba yule mama wa mapokezi wa 1962 alikuwa mtu katili. Ameelezwa tu kwamba alisahau, na aliomba radhi. Watu wengi tunaowaumiza tunawaumiza kwa kusahau, kwa sababu tumeshaamua kimoyomoyo kwamba hawa si wa kukumbukwa sana. Karatasi haina maamuzi ya namna hiyo.

Na huyo wa "unanijua mimi ni nani", maana mtakutana naye kabla ya wote niliowataja. Msigombane naye. Mwambieni: "Karibu sana mzee, hapa wote tunawahudumia kwa zamu, wewe ni wa tatu, maji ya kunywa haya hapa." Mpe maji kweli. Akitaka kumpigia simu meneja, mpe namba ya meneja. Nimefanya hivyo, na wengi wao hukaa. Wapo waliorudi kwangu mara kadhaa baadaye, na safari hizo hawakutaja vyeo vyao. Wapo pia waliokwenda loji ya jirani wakatukana huko. Siwezi kusema njia hii haina hasara.

Mkuu wa chuo ananionyesha saa, na anayo haki. Vyeti havijagawiwa, pilau imeshaiva, na kuna wazazi wa Kyela ambao basi lao la mwisho haliwasubiri. Naomba wahitimu waitwe. Na mshereheshaji, kwa heshima, waite kwa alfabeti.